Neno Dagaa Mbele ya Wanunuzi

Katubuka, Kigoma
3 Juni 2024

Kaka Adolf,

Shikamoo. Huko Dodoma mnaendeleaje, wewe na wifi? Huku tuko salama, isipokuwa mama goti linamsumbua. Naandika kwa sababu unajua simu na kigugumizi changu havipatani.

Wanunuzi wa hoteli za Arusha wanakuja mwishoni mwa mwezi kuwasikiliza wakaushaji dagaa. Kila kikundi kitapewa muda mfupi ukumbini kujieleza. Kina mama wenzangu wa Kibirizi wamenichagua mimi, eti kwa kuwa ndiye niliyewashawishi tuache kuanika mchangani, tuanike juu ya chanja. Kaka, neno "dagaa" lenyewe hunikwama. Tukiwakosa hawa, wengi watarudi mchangani. Wewe kazi yako ni kusimama mbele ya wakubwa. Njoo utusemee.

Mdogo wako,
Honorata

Dodoma
8 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, wifi yako anakusalimu. Mama mpe pole ya goti.

Nitaomba ruhusa kazini. Ila kabla sijaandaa chochote, nijibu: hao wanunuzi wanaogopa nini? Wakitoka ukumbini, mnataka wafanye nini? Na mtu asiyewahi kufika ziwani ataonaje kwamba dagaa wenu ni tofauti? Tukishajua hayo, kuandaa picha za kuwaonyesha ukutani si kazi.

Kaka yako,
Adolf

Katubuka
13 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama sasa anatembea kidogo.

Wanaogopa mchanga. Mgeni akiutafuna mara moja, mpishi hanunui tena. Tunataka waagize mzigo mdogo wa majaribio, basi. Mkataba tusiutaje siku ya kwanza. Na kuwaonyesha, ningetia dagaa wetu kwenye bakuli la maji safi mbele yao, nikoroge, niwaache watazame maji. Ukifika utafanya hivyo.

Mdogo wako,
Honorata

Dodoma
17 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini hamjambo nyote. Sisi tupo.

Ruhusa nimepewa, lakini sitakuja. Barua yako sina cha kuiongezea. Wakiniuliza swali moja tu la chanja, nitageuka kukutazama wewe, na watajua msemaji hajui anachosema. Jizoeze mbele ya Agnesi na wenzako wengine wa kikundi. Neno likikwama, lisubiri. Usiombe radhi.

Kaka yako,
Adolf

Dodoma
26 Juni

Honorata,

U mzima? Hujanijibu. Mama kanipigia, anasema hutaki hata nitajwe. Kama nimekosea, niambie. Barua hii naituma na basi la leo; mwambie mama anipigie, bado naweza kuja.

Kaka yako,
Adolf

Katubuka
2 Julai

Kaka,

Shikamoo. Tu wazima.

Nilikukasirikia. Niliona umenitupa, na ukumbini niliingia na hasira hiyo hiyo. Nilianza vizuri, nikafika kwenye "dagaa", likakwama. Bwana mmoja wa mbele akanimalizia, kwa huruma tu. Nikamwambia, "Asante, lakini nitalisema mwenyewe." Nililisubiri mpaka likatoka. Kisha nikakoroga bakuli, maji yakabaki safi.

Mama mmoja akauliza, "Na msimu wa mvua?" Nikamwambia kweli: tunapoteza kiasi, na dagaa walioharibika hatutamuuzia. Wanunuzi wawili walitoka kabla sijamaliza. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Hoteli moja imeagiza majaribio. Moja tu, kaka. Wenzangu walitaka kuimba, nikasema tufungashe kwanza.

Kama ulifanya vyema kutokuja, bado sijui. Mwezi wa nane tumealikwa Arusha kuongea na wapishi wenyewe. Agnesi aliuliza kama tukuite.

Nimewaambia nitakwenda mimi.

Mdogo wako,
Honorata