Mbao za Sanduku Lako, Papa

Papa,

Nimelipiza kisasi. Nakwambia mapema ili ulale, maana nakujua, hungepata usingizi mpaka usikie mwisho.

Unaukumbuka ule mwerezi wa mtaa wa Observatory, uliong'olewa na upepo ukaangukia ukuta wa yule bibi mzungu? Yeye alitaka uondolewe tu, hata ukawe kuni. Wewe ulivua kofia. Ukaniambia Suleimani alijenga nyumba ya Mungu kwa mti huo, na sisi tumepewa bure. Kisha msumeno ukauma waya wa kuanikia nguo uliokuwa umemezwa na shina, meno yakakatika, ukatukana kikwetu mpaka nikaziba masikio.

Mbao ukazipandisha darini, kwenye karakana yetu ya Jules Street, na vijiti katikati hewa ipite. Kila mteja ulimjibu haziuzwi, ni za sanduku lako la kuzikiwa.

Ukafa. Papa Nestor, shemasi, rafiki yako wa kula sahani moja, akaomba funguo za karakana wakati wa matanga. Sisi tulie kwa amani, yeye atalinda. Asubuhi dari tupu. Akaja na machozi, akasema eish, tsotsi wamepita, wezi wa mtaani wamebeba zote. Nami nikamshukuru! Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Tukakuzika kwenye plaiwudi, mvua inanyesha, nikaona kona inavimba kabla udongo haujaifikia. Papa, kona ile naiota.

Mwezi uliopita, kanisani kwetu mjini, kule ghorofani, wakafunua mimbari mpya, zawadi ya shemasi Nestor. Harufu ilinifikia kabla kitambaa hakijatoka. Nikasogea kama napeleka sadaka. Ubavuni palikuwa na doa jeusi la ule waya. Nikaligusa kwa kidole, hasira ikanijaa.

Wakati wa ushuhuda nikashika maikrofoni. Ningeweza kumwita mwizi, lakini wezi pale husamehewa kila Jumapili na kupigiwa makofi. Nikasema tu:

"Mchungaji, hapo ulipoegemea ni sanduku la baba yangu."

Ungemwona mchungaji alivyoruka! Wamama wa kwaya walikimbilia mlangoni, maana nani kwetu atapokea Neno juu ya sanduku la maiti aliyedhulumiwa? Nikawaonyesha doa, nikaeleza habari ya waya. Nestor akajaribu kucheka. Mkewe mwenyewe akasogeza kiti mbali naye. Sasa hakuna anayempa mkono. Hata kwenye duka la spaza wanampisha anunue mkate aondoke. Nafurahi, Papa. Sitakudanganya, nafurahi sana.

Alikuja karakana kuomba msamaha. Amekonda, anakohoa vibaya. Nikaendelea kupiga randa, kama ulivyonifundisha, mpaka akaondoka. Mchungaji ananisihi kila siku nisamehe. Nimemwambia bado, na nikimwambia vingine nitakuwa nimesema uongo.

Mimbari wamenipa, nimeitenganisha ubao kwa ubao, mbao nimezirudisha darini. Zitaningoja mimi, ziwe sanduku langu, nikuletee huko harufu yake. Pumzika sasa, Papa wangu. Wewe lala.

Na hili nakuahidi: Wakongo wote wa mtaa huu siku hizi wananiagiza mimi masanduku yao, na la Nestor nitalitengeneza kwa mikono yangu. Plaiwudi yake nimeshanunua.

Binti yako,
Furaha