Mukanda Niliotia Katika Gari ya Marehemu

Jumamosi, Muhumba. Asubuhi mvua, mchana jua kali, na sasa jioni ukungu umekalia ziwa hata sioni ng'ambo. Majirani walitoka na majembe kufanya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mutaa. Mimi hawaniiti tena. Mujane anasamehewa salongo. Ni jambo moja tu wanalonisamehe.

Nataka kuandika kila kitu kwa utaratibu, kabla sijaanza kujidanganya.

Bwana yangu Bisimwa alikufa kwa ugonjwa wa ini. Alikuwa mutu wa ofisi, lakini siku za mapumziko alivua shati na kufungua gari yake mwenyewe. Hakumuamini fundi yeyote. Mwanzoni nilikuwa nikimupa funguo tu, zile za kufungulia skurubu. Mwishowe nilikuwa nafungua na yeye ananipa mimi. Kazi ambayo hatukuimaliza ni kubadilisha mukanda wa distribution, ule mukanda wa meno unaofanya sehemu ya chini ya injini na ya juu zizunguke pamoja. Ukikatika njiani, vyuma vinagongana ndani na injini inakufa palepale.

Alikuwa amenunua mukanda mumoja katika soko la Kadutu, adaptable, ule wa kuiga. Alipoukunja, mistari myeupe ilitokea kwenye mupira. Akapaka mate kwenye kidole na kusugua maandishi, yakafutika.

«Hii ni ya kufungia mbuzi,» alisema, akautupa kwenye sanduku la vyombo.

Akaagiza wa origine, ule wa kweli wa kiwanda, kwa rafiki yake padri aliyekuwa Ulaya. Ulifika tukiwa tumekwisha kumuzika. Muzito, meno yake makali, mugongo wake wa kitambaa. Niliuweka chini ya muto nikaulalia, kama vile ni shati yake.

Kisha akaja Mushagalusha, kaka mukubwa wa Bisimwa. Alikuja na bibi yake wa ndoa, Maman Cibalonza, wakakaa katika nyumba yangu kama vile ni mimi mugeni. Alisema gari ni ya ukoo. Alisema nilikuja hapa mikono mitupu na nitatoka hivyo hivyo. Nilipomuambia gari haiwezi kutembea bila mukanda mupya, hakutafuta fundi.

«Si weye ulikuwa unajionesha hapa na funguo? Tengeneza. Na utie ile ya origine. Ulishaua ndugu yangu, gari nayo usiue.»

Alisema hayo mbele ya mutoto wetu, Mapendo.

Jana nilitengeneza. Yeye aliketi barazani kwenye kiti cha Bisimwa, akila maharage yangu, na kila mara akipaza sauti kuuliza kama mwanamuke huyu bado hajamaliza. Nilitia alama kwenye meno kwa Cutex nyekundu ya kucha, ambayo tangu matanga nilikuwa sijaigusa. Nilishika mikanda yote miwili, mumoja kila mukono.

Nikatia ule wa kufungia mbuzi.

Niliukaza vizuri, nikazungusha injini kwa mukono, alama zikakutana sawasawa. Kazi safi, kwa mukanda muchafu. Nilitaka injini ife mikononi mwake. Nilitaka asimame katikati ya njia, suti yake imelowa, batu wakimucheka. Si zaidi ya hapo. Aliponiuliza, nilimuangalia usoni nikasema: «Ni ya origine, shemeji.»

Usiku nililala vizuri. Hilo pia niliandike.

Leo asubuhi walipakia. Walipakia redio, mashine yangu ya kushona, masuti ya marehemu. Nilisimama mulangoni na nilikuwa karibu kucheka. Halafu Maman Cibalonza akatoka ndani amemushika Mapendo mukono. Mutoto wangu alikuwa amevalishwa nguo ya kanisa. Bado hajaanza hata shule.

«Mutoto ni wa ukoo,» Mushagalusha alisema. «Anaenda Walungu kwa tate yake, muzee baba yetu. Weye uko bado kijana, utaolewa.»

Nikamushika Mapendo. Maman Cibalonza akaifungua mikono yangu, kidole kwa kidole, bila hasira, kama mutu anayefungua kifungu cha mboga. Wakaingia. Gari ikawaka mara moja, na sauti yake ilikuwa nzuri.

Hapo ndipo nikaona njia ya Walungu kichwani mwangu, ile milima, lile tope. Gari ikizima katika mupando inarudi nyuma, na freni ya mukono ya gari ile haishikagi.

Nilikimbilia kioo chake. Nilipiga kwa mikono miwili.

«Shemeji, ngoja! Ile mukanda nilitia ni mubaya! Itakatika!»

Akashusha kioo kidogo. «Jana ulisema ni ya origine.»

«Nilikudanganya. Mutoto ashuke, nipe muda kidogo, nitatia ingine.»

«Jana ilikuwa muzuri. Leo mutoto iko ndani, njo inakuwa mubaya?» Akageukia bibi yake. «Unaona vile wanawake bako?»

Maman Cibalonza hakucheka. «Baba, tushuke kwanza. Pengine iko kweli.»

«Nyamaza.»

Nikakimbia ndani, nikautoa ule wa origine chini ya muto, nikarudi nao nimeuinua juu ili auone. Alinyoosha mukono. Nilimupa. Nilifikiri atazima gari. Aliukunja, akausugua kwa kidole, akautia kwenye kisanduku cha mbele, karibu na magoti ya bibi yake.

«Aksanti. Hii itakuwa ya rechange, ikae akiba.»

Kisha akaniangalia vizuri, na nikaona ya kwamba aliniamini. Aliniamini kabisa.

«Ikikatika,» alisema, «utakuwa umeua wa pili.»

Akaondoka.

Mapendo hakulia. Alipiga magoti kwenye kiti cha nyuma akanipungia mukono, kwa sababu hajawahi kupanda gari ile bila kurudi.

Sijui jinsi ya kuandika saa zilizofuata. Niliomba. Sikuomba mutoto arudi, wala Mushagalusha aadhibiwe. Niliuombea mukanda. Mimi, mwalimu, nimepiga magoti kwenye sakafu nikimusihi Mungu ashikilie mupira wa bei rahisi wa Kadutu, jino kwa jino, katika kila mupando. Jana nilikuwa nimeulaani. Nilimusihi asahau maneno ya jana.

Jioni, Papa Cubaka, jirani yangu mwenye camion, lori la kubeba chakula, alirudi kutoka Walungu na mizigo ya mihogo. Nilimufuata kabla hajashuka.

«Gari ya marehemu? Iko kule, imesimama ku lupango, pale nyumbani kwa muzee,» alisema. «Ilinipita ku mulima, mbio! Ile moteur iko sawa mupya. Nani aliitengeneza?»

«Na mutoto?»

«Alikuwa anakula muwa.»

Nilikaa chini kwenye tope, karibu na magurudumu ya camion, nikacheka mupaka Papa Cubaka akaniita kwa jina langu la usichana ili nirudie akili.

Basi hivi ndivyo ilivyo. Ana gari. Ana mutoto. Ana mikanda yote miwili. Na siku moja atamurudisha Mapendo kwenye njia ile, kwenda misa, kwenda harusi, na ule mubaya utakuwa umechakaa zaidi. Hatamupa fundi gari aifungue. Kukubali kwamba nilisema kweli kutamuuma kuliko kuzika mutoto wa ndugu yake.

Nimeongea na Papa Cubaka. Kesho anarudi Walungu, na mimi nitapanda juu ya mizigo na funguo za Bisimwa ndani ya kitambaa. Nitapiga magoti mbele ya Mushagalusha, mbele ya mama yake, mbele ya yeyote anayetaka kuona. Nitaomba ruhusa ya kutia mukanda muzuri. Atanikubalia, kwa sababu atapenda kuniona tena na mafuta mikononi mbele ya ukoo wote.

Nitaifungua injini yote. Nitavitandaza vyuma kwenye nyasi, bila alama yoyote. Na sitafunga hata skurubu moja mupaka Mapendo asimame upande wangu na viatu miguuni. Pale hakuna mwengine anayejua kuifunga.

Mapendo atakuwa pale. Atasikia mama yake akimukomboa kwa gari, kama vile batu wanabishana juu ya ng'ombe sokoni.

Basi asikie.