Uvimbe Chini ya Taya

Baba,

Shikamoo. Kalamu imesita hapo, maana nimezoea kusubiri marahaba yako.

Hapa Tumati yule mtamba mwekundu amezaa. Mama bado analala ukingoni mwa kitanda, upande wako hataki kuugusa. Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie. Baba, nilivimba. Chini ya taya, upande wa kulia, palepale pako.

Ilianza nikinywa maziwa ya mgando. Taya likakaza, uvimbe ukachomoza kama yai, ukauma hadi machozi. Baadaye ukanywea wenyewe. Kesho yake, nikila, tena. Nikaanza kuogopa chakula. Nilijifunga kitenge shingoni Mama asione. Ameshauguza shingo moja hadi kaburini.

Shangazi ndiye aliyenigundua. "Wewe, mbona sahani yako inarudi imejaa?" Akakifunua kitenge, akauona. Asubuhi tukapanda basi kwenda hospitali Mbulu mjini. Njia nzima nilikusikia ukisema, "Hiki ni kitu kidogo, kitapoa." Ulisema hivyo hadi sauti ikakukauka.

Daktari alikuwa mama mmoja, mgeni wa huku. Akauliza, "Unavimba ukila, halafu unashuka?"

Nikasema ndiyo. Shangazi akamtajia uvimbe wako wa saratani.

"Wa baba yako ulikuwa unashuka?" daktari akauliza.

Haukuwahi kushuka, Baba. Nikamtazama Shangazi. Shangazi akajibu.

Daktari aliingiza kidole chini ya ulimi wangu, mkono mwingine ukakandamiza taya kwa nje. Akagusa kitu kigumu. Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kijiwe kimeziba mrija wa mate. Mate yakikosa njia, tezi inavimba. Jiwe, Baba, mdomoni mwa mtu! Wakanichoma ganzi, wakapasua kidogo chini ya ulimi, nami nimemng'ang'ania Shangazi mkono. Kikatoka, cha manjano, sawa na punje ya mtama.

"Si saratani," daktari akasema. Nililia hadi akadhani ganzi imeisha.

Sasa nakula, nakunywa maji mengi, nakanda taya kama nilivyoelekezwa. Lakini kila nikimeza napapasa shingo. Daktari kaniambia vijiwe vinaweza kurudi. Naogopa bado. Halafu nawaza, kama ungalikubali kwenda mapema... Hapana, sentensi hiyo siimalizi.

Pumzika, Baba. Wiki ijayo narudi kuangaliwa, hata nikitetemeka. Na uvimbe wowote utakaotokea nyumba hii nitaupeleka hospitali ungali mdogo. Nakuahidi.

Binti yako,
Felista