Nimchongee Shemeji Yangu kwa Ajili ya Nyati?

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama itakuchosha, maana sina mwingine wa kuisoma, na kila nikitaka kueleza ya kazini kwangu watu husema hayo ni mambo ya wanyama, kaa nayo mwenyewe.

Mimi ni mwanamume mtu mzima, kazi yangu ni kuongoza wageni wanaokuja kuwinda wanyama wakali, nyati, simba, chui, na kazi hiyo niliianza ndevu zangu zikiwa bado nyeusi. Mgeni ana bunduki yake na mimi nina yangu, lakini anayeamua risasi itoke au isitoke ni mimi, kwa kuwa leseni ni yangu na roho za watu niliotoka nao ziko mikononi mwangu. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, binti yetu ni muuguzi mji wa mbali, na tangu msiba ule nimekuwa nikiishi na shemeji yangu, mdogo wa kiume wa marehemu, ambaye kazini ndiye mfuata nyayo wangu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya kampuni. Mshauri, huyu si shemeji wa kupeana salamu tu. Mke wangu alipougua mimi nilikuwa porini na wageni, na yeye ndiye aliyemwogesha dada yake, akamlisha uji kwa kijiko, akamshika mkono wakati anakata roho, mimi nafika nakuta viti vimeshapangwa uani na watu wameinamisha vichwa. Tangu siku hiyo sijawahi kumnyanyulia sauti.

Sasa msimu huu tulimpata mgeni mmoja mzee, mtu mpole, magoti yamekwisha kabisa, akitembea kidogo anaomba tupumzike, na alituambia wazi kwamba hii ndiyo safari yake ya mwisho na anachotaka ni nyati dume mmoja tu. Tukahangaika naye bila kupata kitu. Asubuhi moja shemeji akatangulia akatuzungusha, mara tushuke korongo, mara tupande, mara turudi kule kule tulikotoka, na mimi nikaona jambo lililonikwaza moyoni, hakuwa anatazama chini. Nimetembea nyuma ya mtu huyu miaka na miaka, najua shingo yake inavyoinama akifuata nyayo, na siku hiyo shingo ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayekwenda dukani kununua sabuni.

Tukatokea penye majani marefu na nyati huyo hapo, dume la kizee, ametukazia macho. Mgeni akaweka bunduki begani. Nyati akatujia, mshauri, alikuja kwa hasira zote, halafu ghafla akavutwa nyuma akaanguka kifudifudi, na hapo ndipo nilipouona waya. Tanzi la majangili lilikuwa limemnasa mguu wa mbele, limekata nyama hadi kwenye mfupa, na majani yote yaliyomzunguka alikuwa ameyakanyaga yakawa vumbi tupu.

Nikaushika mtutu wa mgeni, nikaushusha.

"Unafanya nini wewe?"

"Huyu hapigwi, mzee. Amefungwa."

"Lakini si unaona anateseka!"

"Naona. Turudi nyuma, naita askari wa wanyamapori."

Katika kazi yetu tuna haki moja ya mnyama tunayoiheshimu, kwamba lazima awe na njia ya kukukimbia, na asipotaka kukimbia basi awe na njia ya kukufikia. Ukimnyima zote mbili huwindi, unachinja. Askari walikuja na daktari wa wanyama, wakamwangalia kwa mbali, wakasema mguu umeoza na hauponi, wakamwua pale pale. Mgeni alikuwa kwenye gari anatazama. Njia nzima sikumweleza kitu, na tulipofika kambini akaenda moja kwa moja kwa bosi akasema amepelekwa kwa mnyama aliyefungwa kama mtoto anayeletewa kidoli, kisha akaaibishwa mbele ya watu.

Niliporudi nyumbani nikamkuta shemeji uani anafua soksi zake. Nikamwuliza, "Ulimwona lini?"

Hakuinua kichwa. "Jana, nilipokwenda kuangalia maji."

"Ukamwacha kwenye waya mpaka leo?"

"Shemeji, yule babu wa watu hawezi kutembea. Nikasema hii ni riziki yake. Na nyati si amekufa vile vile? Kafa kwa bunduki ya askari badala ya bunduki ya mgeni. Niambie, tofauti iko wapi?"

Akaanika soksi zake, akaingia ndani, akakunja godoro, akaondoka, na sasa amepanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga na tukikutana njiani anatazama upande wa pili.

Kwa bosi imeonekana mpango wote ni wangu, kwa kuwa kiongozi ni mimi, na kwamba nilighairi dakika ya mwisho kwa kuogopa askari. Nimeondolewa porini, naosha magari karakana. Madereva waliokuwa wakinitania kutwa, nikiingia wananyamaza, mmoja anajifanya anatafuta spana. Kitaitishwa kikao na leseni yangu iko mashakani. Shemeji hajafungua mdomo, na mimi sijafungua wangu. Nikipika naona maji niliyobandika ni ya watu wawili. Binti yangu anapiga simu, "Baba, mjomba hajambo?" Namjibu hajambo, amelala. "Kila nikipiga amelala?" Nasema kazi zimemchosha.

Nifanyeje, mshauri? Nimchongee aliyemfumba macho mke wangu? Au ninyamaze niibebe, iwe ndiyo shukrani yangu kwake? Na lile swali lake linaninyima raha, maana huenda ana haki, nyati kafa, kwa hiyo nimepoteza kazi na ndugu kwa ajili ya nini?

Ni mimi,
Mwenye Nyumba Kimya

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu, pole. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho, mara mbili, na mara ya pili nikakasirika.

Tuanze na swali la shemeji yako. Tofauti ipo, tena si ndogo. Askari walimwua nyati ili mateso yaishe. Shemeji yako alimwacha nyati ateseke ili mgeni apate wa kumwua. Alimwona, akajua, akageuka akaenda kulala, na yule mnyama akabaki anazunguka kwenye waya mpaka mfupa ukatokeza. Kifo ni kile kile, sawa. Lakini aliyekileta kwa huruma na aliyekihifadhi kama kitoweo hawawi sawa mbele ya yeyote mwenye macho. Halafu yule mzee naye angerudi kwao, aning'inize pembe ukutani, awasimulie wajukuu ushujaa ambao hakuufanya. Ulimwepusha na hilo. Mkono wako ulifanya kazi nzuri siku ile. Kilichokuangusha ni mdomo.

Ndiyo, mdomo. Mzee wa watu umemshushia bunduki, umewaita askari, umempandisha gari, na njia nzima hukumweleza kwa nini! Ungemwambia, "Mzee wangu, nyati huyu si halali yako, na wewe unastahili nyati halali," pengine angekuwa shahidi wako leo. Bosi hukumwambia. Binti yako, mtoto uliyemzaa mwenyewe, unamdanganya kwamba mjomba amelala. Funika kombe, funika kombe, sasa umefunika makombe yote ya nyumba na unalalamika kwamba kuna giza.

Na hili la shukrani usiniletee. Alichomfanyia dada yake alikifanya kwa mapenzi, hakukifanya ili siku moja umlipe kwa leseni yako. Ukikigeuza kuwa deni unamtukana yeye na unamtukana marehemu. Sema ukweli wako wote: hunyamazi kwa ajili yake. Unanyamaza kwa sababu unaogopa ukisema hatarudi. Sasa nikuulize, kwani yuko hapo? Umenyamaza na bado unapika na kula peke yako.

Nisikilize. Nenda kwenye chumba chake mchana kweupe, kabla ya kikao. Usimtume mtu na usibebe lawama, piga hodi. Mwambie, "Siku ya kikao nitasema yote niliyoyaona na uliyonieleza. Nakuomba uje uyaseme mwenyewe kabla yangu." Usibishane, usimbembeleze, ondoka. Akija, vizuri. Asipokuja, sema, wala usiongeze chumvi. Na ukimaliza kusema, mtetee: mwambie bosi kwamba yule alimhurumia mzee kwa njia mbovu, lakini ni mfuata nyayo hodari na asifukuzwe. Huko si kuchongea. Mchongezi husema mtu akiwa hayupo, na husema ili amuumize. Binti yako mpigie leo, usisubiri yeye apige.

Je, shemeji atarudi kukunja na kukunjua godoro kwako? Sikudanganyi. Huenda asirudi.

*

Jibu hili nilimtumia kwanza yeye mwenyewe, na kabla gazeti halijakwenda mtamboni nilipata maneno mengine ya ndugu yetu huyu, na ameniruhusu niyaweke hapa.

"Mshauri, nilikwenda. Hakunikaribisha ndani, alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni na mkono kwenye fremu, nikamaliza, akasema 'Haya,' akafunga. Siku ya kikao nikajua hatakuja. Akaja. Alikaa kiti cha mwisho, na bosi alipoanza tu kuniuliza, akasimama akasema, 'Niulizeni mimi, yeye hakujua.' Akaeleza yote, hakujipunguzia hata kidogo. Nikamtetea kama ulivyosema. Hakufukuzwa, ila ametolewa kwenye nyayo kwa msimu huu, amewekwa ghalani. Leseni yangu imebaki. Tulipotoka nje nikamwambia asante, shemeji. Akanijibu, 'Usinishukuru,' akaenda zake. Nyumbani hajarudi.

"Binti yangu nilimpigia. Alilia, akanigombeza, kisha akampigia mjomba wake, sijui walizungumza nini.

"Nimerudi porini na mfuata nyayo mpya. Juzi tulifuata madume matatu tangu alfajiri, kwa miguu, tukayakaribia hadi tukawa tunayasikia yanatafuna, halafu upepo ukageuka. Yakainua vichwa, yakatunusa, yakaondoka kwa kishindo, vumbi likabaki. Mteja wangu, mama mmoja, alikaa chini akacheka mpaka machozi, akasema hajawahi kuona kitu kizuri kama kile. Tukarudi mikono mitupu. Jioni nikatamani kumsimulia mtu, nikazunguka ile nyumba yote, nikakosa."

Ndugu yangu, umenisimulia mimi, na nimefurahi nayo kweli. Kesho ingia karakana, wakute wale madereva wakinywa chai, vuta kiti bila kuombwa, uwasimulie na wao.