Gari Liliwaka Saa Nne

Njombe,
Jumapili jioni

Dada yangu Mama Debora,

Shikamoo dada. Shemeji naye shikamoo yake impate hapo alipo. Miguu yako inaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema inavimba kila ukitoka kwenye miwa, nami nikakwambia uipumzishe, kana kwamba palizi ya Ruhembe inangoja miguu ya mtu ipone. Mimi mwili ni mzima. Kisicho kizima nitakieleza.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na vocha ninayo. Kwenye simu nina ulimi mwepesi, dada, wewe ndiye uliyenilea na unanijua. Ungeniuliza swali, nami ningepata la kujibu. Karatasi haiulizi. Barua hii nampa kondakta yuleyule aliyeniletea blanketi lako.

Blanketi limefika. Kondakta alinikabidhi huku anacheka: "Dada yako kasema hili ni la kufunika gari, si la kwako. Anasema injini ikilala na joto, itaamka." Nikacheka naye. Alipoondoka nikalitambua, ni lile zito la bluu ulilokuwa unalitunza kabatini. Sijalifunika gari, wala mimi sijajifunika. Lipo kwenye kiti tangu siku hiyo, na kila nikilitazama naona aibu.

Ijumaa ile nilipokupigia alfajiri kukwambia gari limegoma, nilikuwa nasema kweli. Majani yote yalikuwa meupe kwa sakitu, ile barafu nyembamba inayounguza viazi. Nilikuwa nimeshavaa suti ya kuja kukaa mbele ya wakwe wanaokuja kumposa Debora. Nikapiga stata, injini ikazunguka kwa uvivu, nyuma ukatoka moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, ikazima. Nikarudia mpaka betri ikaanza kuchoka. Mimi nimejifunzia magari Mikumi, na kwetu dizeli isipowaka ni moja kati ya mawili, maji au upepo. Basi nikafungua filta, nikamwaga, nikatoa upepo kwenye mabomba, vidole vimekufa ganzi, suti imeingia dizeli. Haikuwaka.

Nikamwita Fundi Sanga, jirani yangu. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akatazama ule moshi mara moja tu.

"Hili gari umelitoa wapi?"

"Nyumbani, Mikumi."

"Na huko lilikuwa linawaka?"

"Kwa stata moja tu, kila siku."

"Basi unahangaika bure na filta. Dizeli ingekuwa haifiki, usingeona moshi. Inafika, inakosa moto."

Akafungua hita plagi, vile vijiti vinavyopasha injini kabla haijawaka, akaviunganisha kimoja kimoja na betri. Kimoja kikawa chekundu. Vitatu vikabaki vyeusi. Akaniambia huenda vimekufa miaka mingi iliyopita, ila joto la kwetu lilikuwa linaficha ugonjwa. Nami nilikuwa najisifu kwamba nimepata gari zima!

"Plagi leo sina," akasema, "lakini usikate tamaa. Ngoja jua lipige boneti. Saa nne litawaka."

Dada, saa nne liliwaka.

Liliwaka, likanguruma vizuri, nami nimekaa ndani nimeshika usukani. Shughuli ilikuwa kesho yake mchana. Ningeondoka saa ile, jioni ningekuwa kwenu nakula wali. Hapo hapo akatokea mfanyabiashara mmoja, ana viazi vinamharibikia, anatafuta gari la kupeleka Makambako. Nikajiambia nimpelekee tu haraka, nitaunganisha safari nikiwa kule kule. Makambako nikakuta mzigo mwingine wa kurudi huku Njombe. Hata huo sikuukataa. Sikulazimishwa na mtu, wala sikuwa na shida ya kunifikisha huko. Nilijisemea tu, wewe ndiye mjomba, mjomba husubiriwa.

Uliponipigia mchana kuuliza kama gari limepona, nilikuwa barabarani na ule mzigo wa kurudi. Nikasogea pembeni, nikazima injini ili usiisikie, ndipo nikapokea. Nikakwambia imefunguliwa yote, iko chini. Ukaniuliza, "Basi huwezi kupanda basi, mdogo wangu?" Nikakujibu siwezi kuacha vyuma vya watu vimetawanyika. Ukasema pole, ukasema mtaniombea. Tulipoagana nikapiga stata, na likawaka mara moja, maana lilikuwa la moto.

Yaliyotokea Jumamosi ulinisimulia mwenyewe, lakini acha niyarudie ujue kwamba niliyasikia. Wazee wa huyo kijana, Masanja, wamekodi gari kutoka Rudewa, wamekaa kwenu tangu asubuhi. Mzee wao akauliza, "Baba wa binti yupo, mama yupo. Tunamngojea nani tena?" Kwao Wasukuma, baba akishasema imetosha. Shemeji akamjibu kwa upole, "Kwa hawa Wavidunda, mzee, binti ni wa mjomba. Hata mimi nilipokuja kumposa mama yake nilikalishwa mpaka jioni, namsubiri mjomba." Wakangoja. Wewe ukawaeleza kwamba baridi ya Njombe inagandisha magari. Jua lilipoinama mzee akasimama, akasema, "Sisi tumeshakuja. Huyo mjomba akiona tunafaa, aje Rudewa yeye." Neno la mtoto likabaki halijasemwa.

Pengine ningenyamaza, dada. Nakwambia ukweli, nilishaanza kuzoea. Lakini juzi Debora alinipigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama, hujambo?"

"Sijambo. Mjomba, Masanja aliwahi kupeleka mzigo Makambako wakati wa baridi. Anasema gari linalogoma kwa baridi huwa linawaka jua likipanda. Mimi nimemwambia hakujui, mjomba wangu hawezi kutudanganya. Si ndiyo, mjomba?"

Nikajifanya mtandao unasumbua. Nikasema haloo, haloo, nikakata.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeishia mlangoni kwa mtoto niliyembeba mgongoni. Amekorofishana na mchumba wake kwa kunitetea, na ndoa yake inaning'inia kwa sababu ya viazi. Nimeumia, dada, na nimestahili.

Basi nimeamua hivi. Alhamisi napanda basi, nitapita kwenu nilale usiku mmoja, kesho yake nakwenda Rudewa. Najua utasema upande wa binti haubebi maneno kwenda kwa upande wa kijana, na kwamba wa ukoo watanicheka. Wacheke. Nitakaa mbele ya wazee wale nitamke mwenyewe kwamba gari liliwaka, na kwamba mama wa binti hakujua. Usiende kuniombea msamaha, umeshanisemea vya kutosha. Wakikubali kuja tena, nitakuwa nimeshafika hapo kabla yao, na yule mbuzi ambaye mjomba hupewa na upande wa kijana, mchukue wewe. Fundi Sanga ameshatia plagi mpya na gari sasa linawaka hata alfajiri, lakini nakuja kwa basi. Sitaki tena kuwa na kitu cha kukisingizia.

Mama kule Vidunda mpelekee salamu zangu kwa yeyote anayepanda mlima, ila habari hii nitamweleza mwenyewe. Shemeji mwambie namwomba radhi kwa ile siku aliyojibu maswali ambayo yalikuwa yangu. Wale kina mama wa kanisa walioniombea, waambie mgonjwa hakuwa gari.

Debora usimpe salamu. Akiuliza kama mjomba amejibu, mpe barua hii aisome yote kabla sijafika. Nikiingia hapo uani, asipoinuka kunipa shikamoo, usimsukume wala usimkaripie. Mwache. Nami nitangoja.

Mdogo wako,
Eliya