Jiwe Lenye Koti

Jumatatu, 4 Aprili 1977

Suruali ya karani imerudi mara ya tatu. Kiuno. Ananenepa yeye, lawama napata mimi. Mvua tangu alfajiri. Baraza la Bwana Salim linavuja upande wa barabara, nimesukuma cherehani hadi mlangoni mwa duka lake. Hakusema kitu. Mwarabu mwingine angesema.

Saa tano Somoe kaja mbio, kalowa, bahasha kaificha kifuani. Kachaguliwa chuo cha wauguzi, Mtwara. Binti yangu. Nimesoma barua nikiwa nimesimama, nikaisoma tena. Furaha ilidumu hadi mstari wa mwisho: aripoti kabla ya kwisha Jumamosi tarehe 16. Atakayechelewa, nafasi yake atapewa mwingine kwenye orodha ya akiba.

Barua imeandikwa Februari. Ilikuwa imelala kwenye sanduku la shule yake ya zamani, na mwalimu mwenye ufunguo alikuwa likizo. Siku kumi na mbili zimebaki. Mtwara si Magomeni.

Jumanne, 5 Aprili

Sikushona. Nimezunguka Kariakoo yote. Mabasi ya kusini hayaendi. Rufiji imefurika, pantoni imefungwa, barabara imekatika.

Nikaenda Buguruni kwa madereva wa malori. Mmoja alikuwa chini ya gari lake, miguu tu nje. Akanijibu bila kutoka: "Mzee, kule labda uote mapezi." Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, kijinga. Ndege nimeuliza pale Posta. Nimejuta kuuliza.

Jumatano, 6 Aprili

Ipo meli. Inaondoka Jumatano ijayo, tarehe 13, inafika Mtwara Ijumaa jioni. Nyingine ni Mei. Sitahani unalala juu ya mkeka wako, chini ya turubai. Inatosha. Nitampeleka mwenyewe, nimkabidhi mlangoni, nirudi.

Tiketi za sitaha zitauzwa siku moja tu, Jumanne tarehe 12, Pasaka ikishapita. Foleni imeshaanza. Ni ya mawe, kama ile ya sukari: unaweka jiwe lako, unaenda kazini, jiwe linasimama badala yako. Jiwe moja, tiketi moja. Anayesogeza jiwe la mwenzake ni mwizi na atajulikana hivyo mjini.

Nimeokota mawili kwenye rundo la wajenzi karibu na geti la bandari, walikookota wote. Nimeandika H na S kwa chaki yangu ya kukatia nguo. La kumi na tisa na la ishirini. Wengine wameweka makopo, mmoja kandambili iliyokatika. Herufi zangu ndizo zilizonyooka kuliko zote. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi, 7 Aprili

Sasa malazi. Ijumaa tutafika jioni na chuo kiko nje ya mji. Lazima tulale mjini usiku mmoja. Kwetu ni Newala, Mtwara mjini simjui mtu.

Gesti? Mwanamume wa miaka hamsini aingie na msichana wa miaka kumi na tisa, aseme huyu ni binti yangu. Nani ataamini? Mimi mwenyewe nisingeamini. Nimekwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, ameandika barua kwamba Somoe ni mwanangu wa kumzaa. Katibu wa tawi kagonga muhuri. Chama kimebadili jina Februari na muhuri mpya haujafika, kagonga wa zamani, jina la chama kalikata kwa kalamu. Barua sasa inaonekana kama ya kughushi.

Bwana Salim kaniona nimeshika kichwa. Ana binamu yake mwenye duka Mtwara. Kamwandikia barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tulale ghalani kwake, juu ya magunia. Nimemshukuru hadi akaniambia nikae nishone.

Ijumaa, 8 Aprili

Ijumaa Kuu, ofisi zimefungwa. Baada ya sala nimekwenda na Somoe kutazama mawe. Kumbe mtoto huyu jana alikuwa anashona. Katoa kwenye kikapu vikoti viwili vya khaki, mabaki ya suruali ya karani, vina vifungo, na jina limetariziwa kwa uzi mwekundu. HAMISI. SOMOE. Kayavalisha mawe pale pale mbele za watu.

Foleni nzima ilikuwa kicheko. "Fundi, mawe yako yanakwenda shule?" "Na mimi nishonee langu kanzu." Uso ukaniwaka. Nikalivua jiwe langu koti, nikalitia mfukoni. Nikanyoosha mkono kulivua na la kwake, akanishika. Akasema, "Baba, langu niachie." Nikamkaripia: mawe hayavai nguo, khaki ni ya watu. Lakini nililiacha.

Jumapili, 10 Aprili

Mvua. Jana mvua, usiku mvua. Mtaa wa Mkunguni ni mto. Mama Somoe anafunga sanduku na kulifungua, anafunga na kulifungua. Nimemfokea bila sababu.

Jumatatu, 11 Aprili

Nimekwenda kwenye mawe saa kumi. Chaki imefutika yote.

Naandika tena ili niamini. Chaki ya fundi imetengenezwa ifutike. Miaka ishirini na mbili naipangusa kwa kiganja kila siku ya Mungu, ndiyo sifa yake, na mimi nikaandika nayo kwenye jiwe, masika. Hakuna mjinga kama fundi.

Jiwe la Somoe lipo na koti lake, limelowa, jina linasomeka kutoka barabarani. Mbele yake mawe matatu matupu, sura moja, baba mmoja mama mmoja. Watoto wa mtaani walikuwa wamecheza hapo, safu imepinda. Nikaonyesha moja, nikasema langu. Mtu mwenye kofia nyekundu akasema la kwake. Tukashikana mashati. Watu wakatutenganisha, wakasema basi, aape mmoja wenu. Yeye akawa tayari. Mimi nikarudi nyuma. Sikuwa na hakika. Siwezi kumtaja Mungu juu ya jiwe nisilolijua.

Nimeweka jingine mwisho wa foleni. La tisini na moja. Koti lilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

Jumanne, 12 Aprili

Dirisha la tiketi limefunguliwa saa mbili. Wa ishirini, Somoe. Hakuna aliyebisha. Mkata tiketi mwenyewe kacheka kwa lile koti, kakata tiketi. Moja.

Wa sitini na kitu, dirisha likafungwa. Nimeligonga. Nimesema mimi ni baba, binti hajawahi kupanda meli, hajawahi kulala nje ya nyumba. Mkata tiketi kasema sitaha imejaa, mzee, watu si dagaa. Nikamfuata mtu aliyenunua mbili kutoka bandarini mpaka kwenye Mnara wa Saa, namsihi aniachie moja. Nimemwita bwana mkubwa. Umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho. Akakimbia kuvuka barabara, akidhani nina wazimu.

Nyumbani Mama Somoe kasema haendi peke yake, basi. Siku mbili baharini na wanaume wasiojulikana, halafu alale ghalani kwa Mwarabu asiyemjua? Nikamwambia mwanzo alikuwa alale ghalani na mimi. Kasema ndiyo, na wewe uko wapi?

Nimekaa kitandani nimeshika tiketi, na barua ya balozi inayosema mimi ni baba yake. Nimelia. Somoe kaniona. Nilitaka kumwambia tuache, uuguzi si lazima. Neno lilifika kwenye meno likabaki hapo, maana najua akikosa safari hii atakaa humu anisaidie kushona vifungo mpaka mtu aje amwoe.

Alasiri Mama Somoe kavaa baibui, kapanda ghorofani juu ya duka, kwa mke wa Bwana Salim. Kakaa saa nzima. Karudi na barua nyingine, ya mwanamke kwa mwanamke: mtoto huyu apokewe melini, alale chumba kimoja na mama wa nyumba, asubuhi asindikizwe hadi chuoni. Kaiweka juu ya ile ya Bwana Salim. "Atakwenda," kasema, na kaingia jikoni.

Mimi nilihangaikia malazi siku nzima. Yeye saa moja.

Jumatano, 13 Aprili

Asiye na tiketi haruhusiwi kupita geti. Nimebeba sanduku hadi pale, mgambo kalipokea. Mkeka, blanketi, kikapu cha mihogo ya kuchemsha, na kile kikoti cha jiwe lake juu yake. Somoe kamshika mama yake muda mrefu. Mimi kanipa mkono, kasema shikamoo kama vile ndiyo kwanza tunaonana. Nikaitika marahaba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi.

Tumesimama kwenye waya hadi tukashindwa kumtofautisha na wengine.

Mama Somoe kaondoka mbele. Mimi nikapita pale kwenye dirisha la tiketi. Foleni imevunjika, mawe yametupwa pembeni. La tisini na moja nimelijua, lina ufa. Nimelichukua, sijui kwa nini.

Ijumaa, 15 Aprili

Leo jioni wanafika. Nimeshona mkono wa kulia begani kushoto. Nimefumua. Upepo umekuwa mkali tangu jana, na kila anayepita barazani ana habari ya meli fulani iliyowahi kuzama. Nimemwomba mmoja aondoke.

Jumamosi, 16 Aprili

Hakuna habari.

Jumapili, 17 Aprili

Hakuna. Mama Somoe hali. Mimi nakula peke yangu. Nilimwachaje mtoto aende na barua mbili na koti la jiwe?

Jumanne, 19 Aprili

Simu ya maandishi imefika dukani saa nne. Bwana Salim hakuisoma, kaniletea imefungwa. "Nimefika Ijumaa. Nimelala salama. Jumamosi nimepokewa chuoni. Somoe."

Nimempelekea mama yake. Alikuwa anachagua mchele. Kaisikiliza, kaniambia nisome tena, halafu kaendelea kuchagua.

Mvua imepungua. Karani kaja kuchukua suruali yake, imemkaa. Kauliza mabaki ya kitambaa yako wapi, nikamwambia yamesafiri.

Likizo ya chuo ni Desemba. Mke wangu anataka kwenda kumchukua, na safari hii tutakwenda wote wawili. Jiwe liko hapa juu ya cherehani, linakandamiza vitambaa visipeperuke. Nimelivalisha koti lake. Limelienea.