Daraja la Sajini Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Amepiga simu! Sajini wangu. Dakika nne tu, lakini pale kwenye kiwanda cha nguo ninakoshona hakuna cherehani isiyojua. Wanajenga daraja la chuma, la haraka, watu wanaokimbia vita wavuke mto. Kumbe hawalijengei juu ya maji! Wanaliunga nchi kavu, kipande kwa kipande kwa pini, halafu wanalisukuma juu ya magurudumu mpaka pua yake iguse ng'ambo. "Nyuma lazima pawe pazito kuliko mbele, mama, la sivyo linapiga mbizi." Nikamwambia basi ukae wewe nyuma, mwanangu, una makalio ya bibi yako. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Alhamisi, 7 Machi
Wakimbizi wamejaa shuleni. Nimepeleka nguo. Mama mmoja mwenye mapacha kavuka kwenye daraja la mwanangu! Anasema askari wa kike, sauti kama tarumbeta, alikuwa akiwafokea: mmoja mmoja, msikimbie, linayumba! Sauti yangu hiyo. Nimetangaza darasa hadi darasa. Jirani yangu wa cherehani kanivuta kanga: dada, punguza, wenzio wamefiwa. Kweli. Nimeona haya.

Jumamosi, 9 Machi
Watu wamekwisha kuvuka. Sasa daraja linaondolewa, adui asilipate. Dereva wa lori kanieleza: linavutwa kutoka upande huu. Ila ng'ambo lazima abaki mtu, ainue ncha kwa jeki, aweke magurudumu chini yake, ndipo akimbie juu ya daraja kurudi. Nikamuuliza, hubaki nani? Anayeijua kazi zaidi, mama.
Miaka yote najigamba hakuna mwanamume kikosini amfikiaye. Leo nimeomba awepo hata mmoja. Sikushona kitu.

Jumatatu, 11 Machi
Malori yamepita asubuhi na vyuma vyote. Vyote! Nimepunga mkono mpaka bega likauma. Sikumwona. Labda yuko nyuma —
Saa nane mkuu wa kikosi chake kaja nyumbani. Peke yake. Shikamoo mama. Marahaba baba, karibu, kaa. Hajakaa sawasawa nimeshaanza: mwanangu alivyotengeneza baiskeli ya marehemu baba yake akiwa na miaka saba, alivyowagaragaza wavulana kwenye hesabu. Kila akifungua mdomo namwongezea jingine. "Mama, naomba —" Ngoja kwanza, nikuletee chai.
Nimo jikoni, naandika. Chai imechemka mara mbili. Namsikia anakohoa sebuleni. Sijamsimulia bado siku alipozaliwa. Hiyo ni ndefu. Nikianza na hiyo hatapata nafasi ya kusema —